Kwa nini wimbi la maji kujaa linarudi nyuma kwenye grafu yangu?

SWALI: Natengeneza uhuishaji wa kimo cha maji ya Mto Hudson, kuanzia kituo cha The Battery pale New York hadi Albany. Nina vituo vitano na data ya siku 90. Vituo vingine vinapima kila dakika 6, vingine kila dakika 15, hivyo data ilikuwa nyingi mno. Nikabakiza vipimo viwili kwa siku, cha saa sita mchana na cha saa sita usiku, nikapata fremu 180. Video inacheza vizuri, lakini wimbi linaonekana likitoka Albany na kushuka polepole kuelekea baharini, na kituo kimoja huchukua kama wiki mbili kujaa na kupwa. Tena mstari mzima unatetemeka kidogo katika kila fremu. Natumia Python na maktaba yake ya kuchorea grafu, Matplotlib. Je, tatizo ni programu, au ni maji ya mto yanayolisukuma wimbi lirudi nyuma?

JIBU: Usibadili programu. Matplotlib imechora ulichoipa, na Hudson haukugeuza mwendo wake. Wimbi linalorudi nyuma lilizaliwa pale ulipopunguza data hadi vipimo viwili kwa siku.

Hesabu yake ni fupi. Sehemu kubwa ya kujaa na kupwa kwa maji ya New York inatokana na mwezi, kwa mzunguko ambao wataalamu wa bahari huuita M2. Mzunguko mmoja huchukua saa 12.42, yaani saa 12 na dakika 25 hivi. Wewe unapiga picha kila baada ya saa 12. Kila fremu basi inalikuta wimbi limemaliza asilimia 96.6 ya mzunguko wake, zimebaki dakika 25 lifike. Jicho halijui kilichopita kati ya fremu mbili. Linaona picha mbili zinazokaribiana sana, linachagua njia fupi ya kuziunganisha, na njia hiyo ni kwamba wimbi limerudi nyuma asilimia 3.4. Fremu inayofuata hali ni ile ile. Zikipita fremu 29 na nusu, wimbi limetimiza mzunguko mzima wa kinyumenyume, na fremu 29 na nusu za saa 12 ni siku 14.77. Ndizo wiki mbili zako hizo.

Ni jambo lile lile la gurudumu la gari kwenye filamu, linalozunguka kinyume huku gari likienda mbele. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa filamu analiona gari lenyewe, kwa hiyo hadanganyiki. Mtazamaji wa grafu yako hana gari la kuangalia.

Na hapa kuna mtego mbaya zaidi ya huo wa mwelekeo. Siku 14.77 ndizo hasa zinazotenganisha bamvua moja, yaani kipindi cha maji kujaa na kupwa kwa ukubwa zaidi, na bamvua inayofuata, maji mafu ya tofauti ndogo yakiwa katikati. Mtu anayejua bahari kidogo akiitazama video yako atasema, “Naam, hii ni bamvua na maji mafu,” na ataridhika kabisa. Namba hizi mbili hazikulingana kwa bahati. Bamvua hutokea mzunguko wa mwezi wa saa 12.42 unapokutana na ule wa jua wa saa 12 kamili, unaoitwa S2. Wewe kwa kupiga picha kila saa 12 kamili umejifanya jua: S2 imeganda kwenye grafu yako kama kimo kisichobadilika, na M2 inapita mbele yake kwa mwendo ule ule wa bamvua. Kwa hiyo uhuishaji wako una mwendo wenye kipindi sahihi, chanzo kisicho sahihi na mwelekeo uliogeuzwa. Makosa ya aina hii hukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Mtetemeko nao una maelezo yake. Mbali na mizunguko ya nusu siku, bahari ina mizunguko ya siku nzima, mkubwa wao ukiwa K1 wenye saa 23.93. Ukiupiga picha kila saa 12 unaukuta juu, halafu chini, halafu juu tena. Kwenye Hudson mizunguko ya siku nzima ni midogo ikilinganishwa na M2, ndiyo maana unaona mtetemeko mdogo tu. Ungefanya hivi hivi mahali ambapo maji hujaa mara moja kwa siku, video ingekuwa ya kupapatika tupu.

Sasa swali lako la pili, kama maji ya mto yanaweza kulirudisha wimbi. Katika maji yenye kina cha mita 10, wimbi la kujaa husafiri kwa takriban mita 10 kwa sekunde, kama kilomita 36 kwa saa. Kasi hiyo hupatikana kwa kipeuo cha pili cha kina mara mvutano wa dunia. Mkondo wa mto ungetakiwa ufikie kasi hiyo ili ulizuie. Haufikii hata kwa mbali. Unachofanya mto uliofurika ni kulichelewesha wimbi na kulipunguza kimo kadiri linavyopanda. Kitu kinacholirudisha kweli sehemu ya wimbi kipo, nacho ni bwawa la Troy, kilomita 246 hivi kutoka The Battery, ambapo mto unaopwa na kujaa unakomea. Wimbi linagonga hapo na sehemu yake inarudi. Hiyo ni sababu mojawapo ya tofauti kati ya kujaa na kupwa kuwa kubwa Albany kuliko sehemu za katikati ya safari. Lakini wimbi hilo linalorudi lina kipindi kile kile cha saa 12.42. Haliwezi kutembea kwa wiki mbili.

Kabla hujagusa msimbo wako wa uhuishaji, chora picha moja isiyotembea. Mhimili wa mlalo uwe muda, wa wima uwe umbali kutoka baharini kwa kilomita, na rangi iwe kimo cha maji. Mchoro huu unaitwa wa Hovmöller, kwa jina la mtaalamu wa hali ya hewa wa Denmark aliyeueleza mwaka 1949 kwa ajili ya mawimbi ya angani. Chukua siku tatu tu, kwa data yote bila kupunguza. Utaona michirizi iliyoinama. Ikiwa kadiri muda unavyosonga mchirizi unapanda kwenda Albany, wimbi linatoka baharini. Na mwinamo wake ni kasi yake, unaweza kuipima kwa rula. Kisha chora mchoro huo huo kwa data yako ya saa 12. Michirizi itainama upande wa pili mbele ya macho yako. Mimi siachi uhuishaji wowote wa mto utoke mikononi mwangu kabla ya kuulinganisha na mchoro huu, na nikisema kweli, mara nyingine nauona mchoro wenyewe unatosha na uhuishaji unakuwa pambo. Uhuishaji unamtaka mtazamaji akumbuke kilichopita. Picha iliyotulia inamwekea vyote mezani.

Lakini wewe unataka kitu kinachotembea, na Hudson unastahili. Basi swali la kwanza liwe hili: unataka kuonyesha mwendo upi? Mto huu una mienendo isiyopungua miwili inayoishi kwenye saa tofauti kabisa. Kuna kujaa na kupwa, kwa saa. Kuna kuinuka na kushuka kwa mto wenyewe kutokana na mvua, theluji inayoyeyuka na upepo unaosukuma bahari, kwa siku hadi wiki. Ulijaribu kuiweka yote katika fremu 180, na hakuna hatua ya fremu inayoweza kuitendea haki yote kwa ukubwa huo. Tengeneza video mbili.

Video ya kwanza ni ya kujaa na kupwa. Siku 90 ni nyingi mno kwake. Siku 15 zinatosha kwa sababu zinabeba bamvua na maji mafu. Kwa hatua ya fremu, kanuni ya hesabu inasema unahitaji zaidi ya vipimo viwili katika kila mzunguko, lakini hiyo ni kanuni ya kutokosea kabisa, haikuahidi kuona vizuri. Mimi sishuki chini ya fremu kumi kwa mzunguko. Hatua ya saa moja inakupa fremu 12 na kitu kwa kila wimbi. Siku 15 zitakuwa fremu 360, na ukizichezesha fremu 12 kwa sekunde unapata video ya sekunde 30 ambamo kila wimbi linachukua takriban sekunde moja. Kwa jicho langu, wimbi moja kwa sekunde ndio mwendo wa juu ambao mtazamaji mpya anaufuata bila kuchoka. Ukizichezesha fremu 24 kwa sekunde kwa hatua hiyo hiyo, mawimbi mawili yatapita kila sekunde, na mtu ataona mstari unaotikisika tu.

Ipo njia ninayoipenda zaidi kwa data yako hasa: hatua ya nusu saa, fremu 24 kwa sekunde. Muda wa video ni ule ule, mwendo ni mlaini zaidi, na kuna faida iliyojificha. Vipimo vya kila dakika 6 na vya kila dakika 15 vinakutana saa kamili na nusu saa. Ukichukua nyakati hizo tu, kila nukta kwenye grafu yako ni kipimo kilichopimwa kweli, hakuna hata kimoja ulichokisia kwa kuunganisha jirani zake.

Video ya pili ni ya mto wenyewe kwa siku 90, na hapa ndipo watu wengi hukosea hata baada ya kuelewa kosa la kwanza. Huwezi kuruka vipimo ili kujaa na kupwa kutoweke. Kuruka hakufuti mwendo wa haraka, kunaubadilisha sura ukaonekana kama mwendo wa polepole. Lazima uchuje kwanza, halafu ndipo upunguze. Kichujio rahisi na cha kuaminika ni cha Godin, kilichoenea kupitia kitabu cha Gabriel Godin cha mwaka 1972 kuhusu uchambuzi wa maji kujaa na kupwa. Unachukua data ya kila saa, unapitisha wastani unaosogea wa saa 24, unapitisha tena wa saa 24, kisha wa saa 25. Vipindi hivyo vimechaguliwa ili mizunguko ya nusu siku na ya siku nzima ifutike karibu yote. Gharama yake ni kwamba kila kipimo kilichochujwa kinategemea saa 71 za data, kwa hiyo utapoteza saa 35 mwanzoni na saa 35 mwishoni. Zipoteze. Usizijaze.

Jambo dogo kwa mtumiaji wa pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia data: ukiita rolling kwa dirisha la saa 24 na kuweka center=True, dirisha haliwezi kukaa katikati kamili kwa kuwa 24 ni namba shufwa; linasogea nusu saa. Ukifanya mara mbili, nusu saa hizo zinajumlika kuwa saa moja. Katika mwendo wa siku nyingi saa moja si kitu, lakini kama unataka usafi, unganisha madirisha matatu kuwa orodha moja ya uzito 71 kwa numpy.convolve, kisha ipitishe mara moja. Orodha hiyo ina ulinganifu pande zote mbili, hivyo haisogezi chochote. Kupata data ya kila saa kutoka ya dakika 6, wastani wa saa nzima haudhuru: hupunguza kimo cha wimbi la M2 kwa asilimia 1 hivi.

Baada ya kuchuja, hatua ya saa 12 uliyoitaka tangu mwanzo ni halali kabisa. Fremu zako 180, ukiondoa zile za mwanzo na mwisho, zitaonyesha kitu ambacho hapo awali kilikuwa kimefichwa: mvua kubwa ikinyesha kwenye bonde la Mohawk, unaoungana na Hudson juu kidogo ya Troy, maji yatainuka Albany kwanza na mwinuko utashuka kuelekea New York ukipungua njiani. Hilo ndilo wimbi la kweli linaloshuka mto. Ungeendelea na video yako ya kwanza ungekuwa nayo mawimbi mawili yanayoshuka, moja la kweli na moja la kubuni, bila njia ya kuyatenganisha.

Ukitaka kuona tofauti hizo kwa ukali wake, achana kidogo na siku zako 90 na uchukue matukio mawili ambayo data yake ipo wazi. Mwisho wa Agosti 2011 kimbunga Irene kiliangusha mvua kubwa kwenye mabonde ya juu, na mto ukafurika kutokea juu. Tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilisukuma bahari, na maji ya The Battery yakafika karibu mita 4.3 juu ya MLLW, kisha mwinuko ule ukapanda mto. Mto ni ule ule, vituo ni vile vile, na video mbili zinatembea pande mbili. Kwa Sandy chukua siku tatu kwa hatua ya nusu saa: fremu 144, sekunde 12 kwa fremu 12 kila sekunde. Hapo usichuje kwa Godin, maana dirisha la saa 71 litalisambaza tukio la saa chache mpaka lionekane kama kilima kilichochakaa. Badala yake toa makadirio ya kujaa na kupwa kutoka kwenye kipimo halisi, uchore mabaki. Makadirio ya The Battery yanatolewa na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kwenye huduma ile ile inayotoa vipimo vyake.

Nimeitaja MLLW, nayo inahitaji maneno machache. Ni wastani wa maji ya kupwa yaliyo chini zaidi kila siku, uliopigwa kwa miaka 1983 hadi 2001. NOAA hutoa vimo kutoka hapo ukiiomba hivyo, nayo inatofautiana kutoka kituo hadi kituo. USGS, idara ya jiolojia ya Marekani inayopima pia mito, nao wanaweza kukupa kimo kwa NAVD88, ambayo ni rula moja kwa Marekani bara, au juu ya sifuri ya kituo husika. Pale The Battery, MLLW ipo takriban sentimita 85 chini ya sifuri ya NAVD88. Ukichora kituo kimoja kwa rula hii na jirani yake kwa rula ile, utakuwa umechora mlima usiokuwepo katikati ya mto, na mlima huo utatembea na wimbi kila siku kwa uaminifu mkubwa. Omba NAVD88 kila inapopatikana. Na futi zigeuze mita kabla ya chochote kingine. USGS huweka kimo kwa futi na mtiririko kwa futi za ujazo kwa sekunde.

Saa ni hatari kuliko rula. NOAA itakupa muda wa GMT au wa kienyeji kulingana na ulivyoomba, USGS kwa kawaida huambatanisha tofauti ya saa za kienyeji, na New York husogeza saa mbele Machi na kuirudisha nyuma Novemba. Siku ya kurudisha, saa nzima ya usiku wa manane inajirudia, na uhuishaji wako utaruka kinyume au utakuwa na fremu mbili zenye jina moja. Geuza kila kitu kiwe UTC, muda wa pamoja wa dunia, wakati wa kusoma faili, si baadaye. Kosa la saa moja kwenye kituo kimoja si dogo: M2 inazunguka nyuzi 29 kwa saa, na kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa kilele cha wimbi kitakuwa kimewekwa kilomita 36 mbali na kilipo. Kama kwenye Hovmöller kituo kimoja kinavunja mstari wa michirizi kama jino lililopinda, anza kwa kushuku saa yake.

Unaposhusha data ya dakika 6 kutoka NOAA, ombi moja lina ukomo wa siku 31, hivyo siku 90 ni maombi matatu. Angalia mipaka yao, kwani mistari hujirudia hapo. Kwenye data ya USGS tafuta -999999, alama yao ya kukosekana kwa kipimo. Mtu akisahau kuiondoa mhimili wake wa wima unapasuka, na hilo ni jema kwa sababu anaona. Pengo lolote liache pengo. Mstari ukatike. Kuunganisha pengo la saa sita kwa mstari mnyoofu kunafuta nusu ya wimbi zima.

Kuhusu mchoro wenyewe nitapita haraka. Mhimili wa mlalo uwe kilomita za mto, si namba za vituo, la sivyo kasi ya wimbi haina maana. Mihimili yote ifungwe tangu fremu ya kwanza. Ukiiacha Matplotlib ijirekebishe, maji yatatulia na karatasi ndiyo itakayopanda na kushuka. Weka nyuma kivuli cha kijivu kinachoonyesha kimo cha juu na cha chini kabisa cha kila kituo kwa kipindi chote, ili kila fremu iwe na cha kulinganishwa nacho. Weka nukta kwenye vituo na mstari mwembamba mnyoofu kati yao. Usiweke mkunjo laini: una vituo vitano tu, na mkunjo utabuni mabonde yasiyopimwa. Vituo vitano vyenyewe havipungui, maana kwa kina cha mita 10 wimbi la M2 lina urefu wa zaidi ya kilomita 440. Tatizo lako lilikuwa kwenye muda, umbali uko salama.

Kuna mchoro mmoja zaidi ambao nakushauri uujaribu, na kwangu ndiyo sababu bora ya kutumia uhuishaji kwenye mito inayopwa na kujaa. Chukua kituo kimoja kinachopima pia mtiririko, kwa mfano kile cha Poughkeepsie. Mlalo weka mtiririko, wima weka kimo, na wakati hauna mhimili kabisa: ndio unaotembeza nukta. Acha nukta iburute mkia wa saa 25 zilizopita unaofifia.

Kwenye mto wa kawaida, kimo kikijulikana mtiririko unajulikana, na wapimaji hutumia mchoro wa uhusiano huo kila siku. Hata huko wakati wa mafuriko nukta haifuati mstari mmoja. Maji yakipanda mtiririko huwa mkubwa kuliko yakishuka kwa kimo kile kile, hivyo inachora kitanzi chembamba. Lakini kwenye mto unaopwa na kujaa uhusiano unavunjika kabisa. Kimo kile kile kinaweza kuwa na maji yanayokwenda baharini au yanayopanda. Ndiyo maana vituo hivi hupima kasi ya maji kwa vyombo vya sauti chini ya maji na kukokotoa mtiririko kutokana na kasi hiyo. Kwa kanuni ya USGS mtiririko wa kwenda baharini ni chanya, wa kupanda ni hasi.

Umbo la kitanzi linasimulia wimbi ni la aina gani. Kama mkondo unaopanda mto una nguvu zaidi wakati kimo kipo juu kabisa, wimbi linasafiri, na kitanzi hubanwa hadi kuwa karibu mstari ulioinama. Kama mkondo husimama wakati kimo kipo juu kabisa, wimbi linapiga ukuta na kurudi, na kitanzi hufunguka kuwa kama yai. Mito mingi iko katikati ya hali hizo mbili. Weka kitanzi cha kituo cha chini na cha kituo kilicho karibu na bwawa kando kwa kando, vikicheza kwa wakati ule ule, na utaona bwawa la Troy likifanya kazi bila kulichora. Tena kitanzi hiki kina mwelekeo wa mzunguko, wa saa au kinyume chake. Hatua ya fremu ikiwa kubwa mno, mwelekeo huo unageuka kama wimbi lako lilivyogeuka. Kwa hiyo nusu saa, au dakika 15 kama kituo kinaruhusu.

Kwa upande wa Matplotlib, hifadhi FuncAnimation, kitu kinachoendesha uhuishaji, kwenye jina, kwa sababu usipofanya hivyo Python huifuta na dirisha hubaki na fremu moja iliyoganda. Kwa nukta moja andika set_data kwa orodha, mabano mraba kwa x na kwa y, kwani matoleo mapya yanakataa namba tupu. Ukitumia blit=True, inayochora upya vinavyobadilika tu, kichwa cha grafu hakibadiliki; andika tarehe kwa ax.text ndani ya eneo la mchoro na uirudishe pamoja na mistari. Na usichanganye interval na fps (fremu kwa sekunde): ya kwanza ni milisekunde za kuonyesha kwenye skrini, ya pili ndiyo inayoamua mwendo wa faili utakalohifadhi.

Faili liwe MP4 ya H.264 ikiwa unaweza. GIF hupima muda wa fremu kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo fremu 24 kwa sekunde zitageuka 25 na 12 zitakuwa 12.5, na ina rangi 256 tu kwa fremu, jambo linaloweza kuharibu vivuli vya kijivu nilivyokushauri. Kama unaunganisha picha za PNG mwenyewe kwa ffmpeg, upana na urefu viwe namba shufwa za pikseli na uweke muundo wa rangi wa yuv420p, la sivyo baadhi ya simu zitaonyesha skrini nyeusi. Andika kwenye kona ya video, kwa herufi zinazosomeka, hatua ya fremu, UTC, NAVD88, na kama data imechujwa au la.